Mwosha Vyombo Aliyemkimbia Fundi

Sahani zilitoka kwenye mashine zikiwa nyeupe kwa povu lililokauka, na mwanamke aliyezipanga humo alikuwa ameshatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

"Mmeona?" Fundi Ambindwile aliinua sahani moja na kuipitishia kidole. "Haijasuuzwa hata kidogo. Na mwenye kazi yake kakimbia tena."

Mashine ile ya kuoshea vyombo ilikuwa fahari ya hoteli, kubwa kama kabati, chuma kitupu. Wageni wa semina walipojaa, ndiyo iliyoliokoa jiko. Sasa ilikuwa inaosha vizuri, lakini ikifika kwenye kusuuza inakohoa na kuzima. Ambindwile alikuwa ameshaishughulikia zaidi ya mara moja. Alisafisha chujio, akazibua kwa waya matundu ya kurushia maji, akapima hita. Alipoondoka, iliosha. Baada ya siku chache, simu ikaita tena.

Tukuyu nzima ilimjua kuwa ni fundi asiyerudia kazi. Mashine hii ilikuwa inamrudisha mbele ya macho ya watu.

"Madam," alimwambia Jenifer, meneja aliyetoka Tanga, "chuma hakina nongwa. Ukiona kinaharibika hivi, tafuta mkono wa mtu."

"Anayeishika ni Tusajigwe peke yake."

"Basi mwite aiwashe mbele yangu."

Tusajigwe aliitwa. Hakuja. Dirishani Ambindwile aliona ncha ya kanga tu, ikipotea nyuma ya banda la kuni, kwenye mvua.

Hellen, mpishi wa Singida asiyejua kunyamaza, alicheka huku akimenya ndizi. "Baba, huyu dada anakuogopa kuliko nyoka. Akisikia sauti yako getini tu, anaacha hata sufuria motoni."

"Ananiogopea nini? Mimi simba?"

"Sijui! Hata jina lako hataki kulitaja. Anasema 'yule wa mashine.' Juzi nilimlazimisha alitamke, akaziba mdomo kwa kanga."

"Dharau hiyo."

"Dharau gani, na chai hiyo kaandaa yeye? Kila ukija anapika na mbalaga, ndizi zenu hizi, halafu ananiambia nikupelekee mimi."

Ambindwile aliitazama chupa ya chai, na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa safi. Siku zote alidhani ni ukarimu wa hoteli. Akavisukuma kando.

"Hiyo si chai, ni kizibo cha mdomo. Asiye na kosa hakimbii, wala hamhongi fundi kwa ndizi."

"Mh! Baba, una maneno makali. Hata wanao unawaambia hivyo?"

Mikono ya Ambindwile ilisimama kidogo. "Ninaye mmoja tu, Godwin. Yeye nilimwambia makali zaidi. Akaondoka, akabadili na namba ya simu." Akaokota bisibisi. "Nishikie taa hapa."

Jenifer alisogea karibu. Wageni wengine walikuwa njiani, na mlima wa vyombo ulikuwa umefika dirishani.

"Fundi, sina muda. Niambie neno moja. Ni yeye anayeiharibu?"

"Madam, jamani," Hellen aliacha kucheka. "Wamehamia hapa juzijuzi tu, mume wake hajapata kazi. Wanakula kwa mikono ya yule dada."

Ambindwile angeweza kusema hajui. Lakini mashine ilikuwa imemshinda, na yeye hakuzoea kushindwa mbele za watu.

"Ni yeye," alisema.

Tusajigwe alifukuzwa asubuhi iliyofuata. Hakubisha. Mchana wake, mashine ikakohoa na kuzima.

Kesho yake Ambindwile alirudi uso umemkunjamana. Safari hii hakugusa chujio wala hita. Aliivuta mashine kutoka ukutani, akafungua mpira wa maji safi unaoingia kwa nyuma, akachungulia. Ndani ya vali kulikuwa na kichujio kidogo, kama kifungo cha shati, ambacho hakuwahi kukitazama. Kilikuwa kimezibwa na tope laini kama uji.

Mvua ndiyo iliyolileta, kutoka mlimani, kidogo kidogo, kupitia bomba. Kila alipofunga na kufungua maji, tope lilisogea, mashine ikapata pumzi. Kisha likarudi mahali pake. Hapakuwa na mkono wa mtu.

Alikiosha kichujio, akakirudisha. Mashine ikasuuza hadi mwisho, na sahani zikatoka zinang'aa. Hakuna aliyeshangilia. Ambindwile aliketi juu ya kreti la soda, maji yakimchuruzika viganjani.

"Madam, nimemsingizia mtu. Mrudishe kazini. Radhi nitamwomba mwenyewe, hapa hapa, mbele yenu."

"Simu yake haipatikani," Jenifer alisema. "Hellen, si unajua walikopanga?"

"Nyuma ya soko. Nimepita asubuhi, chumba kitupu. Mwenye nyumba anasema wameondoka na magodoro yao, yeye na mume wake, na hawakuaga."

"Kwa nini hakujitetea?" Ambindwile aliuliza, kwa sauti iliyokuwa karibu na hasira. "Mtu anaonewa, ananyamaza tu?"

"Hata mimi nilimuuliza, baba, pale alipokuwa anavua aproni. Nikamwambia, mwenzangu, mkabili yule mzee, simama mbele yake umwambie huna kosa."

"Akasemaje?"

Hellen alifuta mikono yake taratibu, bila kumtazama.

"Akasema kwenu Wanyakyusa, mke hasimami mbele ya baba wa mume wake."