Kaburi la Lushinge

Wawekezaji wa mgodi walipolisawazisha kaburi la mumewe, Lushinge, kwa tingatinga, hakuna aliyemwomba Nyamizi hata radhi. Sasa serikali iliwawekea sharti: mgodi haufunguliwi mpaka kila kaburi lihamishwe kwa heshima, na wa kuonyesha mahali ni ndugu wa marehemu.

“Haya bibi, tuonyeshe,” alisema afisa ardhi. Meneja wa mgodi, mgeni kutoka nje, akatabasamu.

Nyamizi aliwapitisha getini, akavua kandambili barazani na kuingia sebuleni kwa meneja. Vigae vyeupe vilimpoza nyayo. Akazunguka meza ya kioo taratibu, kama anayechagua nyanya sokoni, kisha akasimama juu ya zulia la manyoya na kugonga fimbo.

“Yuko hapa.”

“Bibi! Una hakika?” afisa akauliza.

“Kwani tingatinga lenu liliacha alama mlipojenga nyumba hii? Mimi ndiye mkewe. Kichwa hapa, miguu kule kwenye friji.”

Tabasamu la meneja likakauka. Nyamizi akaketi kwenye kochi lake, akajitanda kanga vizuri.

“Chimbeni basi. Polepole, msimwamshe.”

Kibarua mmoja waliyekuja naye akainua sururu, akaishikilia juu, macho kwa meneja.