Uzi Mwekundu

Sufuria kubwa za mtaa hukaa kwa Bi Hidaya, na mwenye shughuli yoyote, harusi au matanga, huja kuazima. Moja ina uzi mwekundu kwenye mshikio. Hiyo haipikiwi nyama kamwe. Imetengwa kwa ajili ya majirani wasioila, ukoo wa Bwana Kanji.

Asubuhi ya harusi ya kwao Bwana Kanji alikuwa mlangoni, mkokoteni ukisubiri nje.

"Samahani kukuharakisha, dada. Upande wa bwana harusi wameshafika."

"Naileta."

Bi Hidaya alikuwa uani, akiisugua kwa majivu na ndimu kwa mara ya tatu, jasho likimtiririka. Jana, katika pilikapilika za hitima ya shemeji yake, aliuona ule uzi wakati pilau ya mbuzi imeshaiva ndani ya sufuria hiyo. Sasa sufuria inang'aa. Aliinusa tena, haikuwa na harufu hata kidogo. Nani angejua?

Akaibeba hadi mlangoni. Bwana Kanji alinyoosha mikono yote miwili kuipokea.

"Bila wewe, dada, leo tungeaibika."

Bi Hidaya hakumpa. Aliiweka chini kati yao, akachuchumaa, akaanza kuufungua uzi. Fundo lilikuwa la miaka mingi, likagoma, akalivuta kwa meno mpaka likakatika. Uzi akamwekea Bwana Kanji kiganjani.

Akautazama. Tabasamu lilikuwa bado halijamtoka usoni.

Huko nje, mwenye mkokoteni akauliza kama apakie.