Chupa ya Kumi na Nne

Mvua ilikuwa inapiga, lakini mzee alivua koti lake la mvua nje ya mlango wa maabara, akaliacha kwenye ngazi, akaingia na shati la pamba limemganda mgongoni. Meno yalikuwa yanagongana. Chupa ameikumbatia kifuani.

"Mchumba wako kafika," mfanyakazi wa meza ya pili alimnong'oneza mpimaji wa maji. "Leo kaja kuoga kabisa."

"Nyamaza wewe! Ningekuwa na wanafunzi watano kama huyu, ningestaafu kesho."

Na ni kweli. Mpimaji alimwambia mzee mara moja tu kwamba koti la nailoni hupukutisha nyuzi, kwamba chupa iwe ya kioo, isuuzwe mara tatu kwa maji ya mto wenyewe. Mzee alikuwa fundi baiskeli. Maelekezo ya mikono aliyashika upesi kuliko wasomi. Kila Jumatatu alileta chupa moja, na kila chupa ilitoka chini zaidi kufuata mkondo wa mto: darajani, penye mawe, kwenye matete, bwawani.

Walijuana kwenye mkutano wa wananchi. Mpimaji alikuwa anaeleza kwamba mtoni mmejaa vipande vya plastiki visivyoonekana kwa macho, vingine ni nyuzi za nguo tu, na haviozi. Watu walipiga miayo. Mzee peke yake alimfuata nje.

"Haviozi kabisa, mwanangu?"

"Hata miaka mia, mzee."

"Basi nitakuletea maji."

Alipomuuliza anatafuta nini hasa, mzee alitazama viatu vyake. "Mke wangu. Tangu mvua za mwaka jana hali, halali. Nikimpelekea jibu, huenda akapata usingizi."

Mpimaji hakuchimba zaidi. Watu wanakunywa maji ya mto, mama wa nyumba anaumwa. Hilo hata mtoto angelielewa.

Chupa kumi na tatu, zote zilikuwa na nyuzi. "Rangi gani?" mzee huuliza. Nyeupe, buluu, nyeusi. Naye huinamisha kichwa, hushukuru, huenda zake. Roho ilimuuma mpimaji jamani. Alitamani, walau Jumatatu moja, ampe mtu huyu habari njema.

"Hii ndiyo ya mwisho," mzee alisema leo, akiiweka chupa mezani. "Chini ya hapo mto unaingia baharini. Jibu la hapa ndilo nitakalompelekea mwenzangu, liwe liwalo. Ningoje?"

"Ngoja, mzee. Nitaanza na yako."

Akayachuja maji, akaweka karatasi ya chujio chini ya darubini. Akahesabu nyuzi kumi na tisa. Zote za kijani. Hakukuwa na rangi nyingine.

Akajitazama. Loo! Chini ya koti jeupe, kwa sababu ya baridi, alikuwa amevaa sweta la kijani. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, naye ana miaka kumi na moja kazini! Mbio akayaendea maji ya kujisuta. Ndivyo walivyoyaita maji safi yanayopitishwa njia ileile: yakitoka na uzi, uzi huo umetoka chumbani, si mtoni. Yalikuwa na nyuzi mbili za kijani.

Sheria ni msumeno. Rangi ikionekana kwenye maji ya kujisuta, inafutwa yote.

Mbili na kumi na tisa ni mbali, hilo aliliona. Ipo mashine ya kulinganisha uzi na uzi, lakini foleni yake ni wiki tatu, na mzee yuko kwenye benchi la ukumbini analowanisha sakafu. Tena, kusema kweli, moyo ulimruka kwa furaha. Bila zile za kijani chupa ilikuwa safi! Akazinyofoa moja moja kwa kibano asije akazihesabu tena, akazipangusa kwenye pamba, pamba akaitupa pipani. Mfagiaji akapita, akalibeba pipa kwenda tanurini pamoja na taka nyingine za asubuhi.

Akaandika sifuri. Akahakiki mara mbili, akaweka sahihi, akavua lile sweta la aibu na kulifungia kabatini.

Mzee alisimama alipomwona anakuja. Kwa Jumatatu zote kumi na tatu zilizopita hakuwahi kusimama.

"Kampe mama habari njema," mpimaji alisema, tabasamu limemshinda kulizuia. "Hakuna kitu, mzee wangu."

"Hata uzi mmoja?"

"Hata mmoja!"

Mzee alikaa tena, taratibu, mkono ukipapasa ukingo wa benchi. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Mpimaji akakaa karibu naye, akamshika bega, na yeye machozi yakimlengalenga.

"Mshukuru Mungu, baba. Leo mtalala."

"Mto ulipomchukua kitinda mimba wetu," mzee alisema, "alikuwa amevaa sweta la kijani, mama yake alimfumia. Tulikuwa tunaomba uzi mmoja tu, mwanangu, tupate cha kuzika."