Marahaba ya Salha

Siku hizi nyumba ya mzee humfuata mzee. Akili yake ikirudi nyuma, kuta nazo hurudi, na sheria inakataza mtu yeyote kumkosoa.

Bi Kibibi aligoma kula tangu asubuhi. Salha, bintiye, alimbembeleza hadi akachoka. Ndipo akaona kuta zimekuwa za chokaa na redio ya mbao imechomoza pembeni, akaelewa. Leo mama ni mtoto, anamngoja mama yake arudi kutoka shamba. Mtoto mwenye adabu haanzi kula kabla ya mkubwa wake.

Salha akajifunga kanga ya marehemu bibi yake, mama wa Bi Kibibi, ile inayonukia karafuu bado, akatoka nje, akapiga hodi.

"Shikamoo, mama!" Bi Kibibi alimpokea, uso umechanua.

 Tangu azaliwe, Salha ndiye aliyemwamkia mama yake.

"Marahaba, mwanangu. Njoo tule."

Bi Kibibi akaumega muhogo kwa furaha. Ukutani, picha za watu ambao mwaka ule walikuwa hawajazaliwa zilifutika moja moja. Ya Salha ilikuwa ya mwisho. Aliitazama hadi ukuta ukabaki mweupe, huku akimpulizia mtoto wake chai ipoe.