Kikombe cha Zamu

Maji ya mtaa wa Siwatu yalitoka kwa tajiri ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mtambo wake ulipima afya za watoto, ukapeleka maji kule yatakakookoa wengi zaidi. Mtaa uliokosa mgonjwa mwezi mzima ulifungiwa bomba.

Siwatu alikuwa akimsuka binti yake, Zubeda, balozi wao wa nyumba kumi, Bi Mgeni, alipobisha hodi. Alishika kikombe kilichofunikwa kisahani, kama jirani aliyeleta uji.

“Zamu imefika kwako, mwanangu.”

Siwatu alifunua. Yalikuwa maji ya mtaroni.

“Huyu tajiri ndiye tunayemwita mwema?”

“Kabla yake tulizika kila wiki. Sasa tunaugua kwa zamu. Mwite utakavyo.”

“Basi nitakunywa mimi.”

“Mtambo hauhesabu watu wazima, nawe wajua. Hata jirani yako Hadia alisema hivyohivyo mwezi uliopita, ulipompelekea kikombe cha mwanawe.”

Zubeda, nusu ya kichwa chake bado haijasukwa, alinyoosha mkono.

“Mama, ni uji?”

“Ngoja,” alisema Siwatu, akaenda jikoni kutafuta sukari.