Ijumaa ya Mwalimu Kinyonga

Zamani wanyama walipokuwa na shule yao, Mwalimu Kinyonga aliishi mbali nayo, na kwa mwendo wake, Jumamosi na Jumapili ziliishia njiani. Akaomba kwenye mkutano wa wazazi Ijumaa iwe mapumziko, apate walau siku moja na mkewe.

"Na wanangu nitamwachia nani nikienda shambani?" aliuliza Mama Kanga.

 Ombi likakubaliwa hivyo hivyo.

Ijumaa ya kwanza, Mama Kanga alimletea Kinyonga vifaranga kumi na wawili. "Nenda nao, Mwalimu. Utarudi nao Jumapili."

Kinyonga hakuweza kukataa, akaondoka nao.

Mkewe, aliyezoea kula peke yake, alibandika chungu kikubwa, akawasikiliza vifaranga wakisoma mpaka wakasinzia.

"Wiki ijayo waje tena," alisema akitabasamu. "Wewe ukichoka, mume wangu, baki shuleni."