Bi Spana na Injini ya Pistoni Tatu

Bi Spana alikisimamisha kigari kipya katikati ya mlima ambao hata mbuzi huupanda kwa kupumzika njiani, akavuta breki ya mkono.

"Mama, geuza turudi," mkurugenzi alisema, amebanwa nyuma na wakubwa wenzake wawili. "Injini ya pistoni tatu haibebi watu watano. Mradi nimeufuta."

"Kikirudi nyuma hata shubiri moja, mzee, na mimi nifute kazi."

Mhandisi aliyekaa mbele akaukumbatia mkoba wake.

Bi Spana alikuwa amevua viatu. Injini ile aliiunda kwa miaka sita, na mngurumo wake aliusikilizia kwenye nyayo. Kidole gumba cha mkono kikabonyeza kitufe cha breki.

"Haya, shikaneni, wanangu," akasema, akakanyaga mafuta, akaiachia.